Mikono Yetu Haina Kosa

Sisi tunaojifunza kushona tukiwa watu wazima tumechoka kuambiwa kuwa mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Muuzaji anatuambia hivyo tunaporudi dukani na cherehani imefungwa kwenye khanga. Jirani anatuambia hivyo akiona gauni la mtoto limejaa mafundo ya uzi upande wa ndani. Uzi ukikatika, tuna haraka. Mshono ukiruka, tuna mkono mzito. Kitambaa kikimezwa chini ya mguu wa cherehani, tunaambiwa kushona kuna wenyewe. Nasi kwa kuwa ni wageni wa kazi hii tunaamini, tunaifunika cherehani, tunaisukumia pembeni ya chumba, na nia yote ya kushona inaishia hapo.

Tunasema leo kwa sauti moja: mara nyingi mno kosa ni la cherehani.

Tuko wengi. Tuko Mbagala na Gongo la Mboto, tuko Mwanjelwa, tuko Nyakato. Yupo mama aliyejifungua asiyeweza kutoka nyumbani kwenda kuhangaika. Yupo binti aliyemaliza kidato cha nne na hana ada ya kuendelea. Yupo mwalimu aliyestaafu, yupo kijana wa bodaboda anayetaka kazi ya kukaa chini ya paa. Hakuna kati yetu aliyenunua cherehani ya bei ya chini kwa ubahili. Tulinunua kwa sababu ndiyo pesa iliyokuwepo: ya kibubu, ya kikoba, ya kuku waliouzwa. Kwa hiyo anayetukumbusha kwamba rahisi ni ghali anatuongezea uchungu bure. Tunajua. Ghali hatuna.

Tuanze na ile ya kushikwa mkononi, mfano wa stepla, inayotangazwa mitandaoni kwa video fupi ambamo pindo la suruali linashonwa kufumba na kufumbua. Inashona kwa uzi mmoja. Mshono wa uzi mmoja ni mnyororo wa vitanzi, kila kitanzi kimeshikwa na kinachofuata, na ncha ya mwisho isipofungwa ukiivuta mshono wote unaachia. Kwa kushikiza pazia lililofumuka, kifaa hiki kinafaa. Lakini tangazo linasema "cherehani", na mama asiyejua tofauti anashonea sare ya mtoto wa darasa la pili. Mtoto anakimbia, anainama, anavutwa na wenzake, na suruali inaachia makalioni mbele ya darasa zima. Hakuna aliyemwambia mama huyo kwamba mshono wa nguo ya kuvaliwa unataka nyuzi mbili, mmoja juu na mmoja kwenye bobini, zikikutana katikati ya kitambaa. Neno hilo moja lingetosha kumwokoa na hasara hiyo.

Halafu kuna ndogo ya plastiki, yenye kitaa cha kumulika, inayotumia betri nne au adapta ya volti 6. Hii bobini inayo, na mshono wake ni mshono wa kweli. Ukiiwekea pamba nyepesi ya tabaka mbili inakwenda vizuri, na ndivyo inavyojaribiwa dukani: kwa kipande chepesi, kilichonyooka, kisicho na maungio. Ukifika nyumbani unaweka kitenge. Pale pindo linapokutana na mshono wa ubavuni na tabaka zinapoongezeka, mota inaguna, sindano inasimama katikati ya kitambaa, unaanza kuisaidia kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono. Nyingi hazina hata mshono wa kurudi nyuma wa kufunga mwanzo na mwisho, wala huwezi kubadili urefu wa mshono. Sasa jamani, sisi tunavaa nini? Tunavaa vitenge, madera, sare za shule za kitambaa kizito, jinzi, na tunashona vitambaa vizito vya mapazia. Cherehani isiyopita kwenye maungio ya kitenge inauzwaje Kariakoo, katikati ya maduka ya vitenge, bila mtu kufungua mdomo?

Ile inayotuuma zaidi ni ya tatu, kwa sababu ndiyo tunayoijia tukiwa tumejikusuru. Nyeusi, ya chuma, yenye maandishi ya dhahabu, inakaa juu ya meza ya mbao na kukanyagwa kwa miguu. Umbo hilo ni la zamani. Asili yake ni modeli ya 15 ya Singer, na viwanda vya Asia vimeinakili kwa miongo mingi. Kunakili umbo hatulalamikii. Zipo nakala nzuri, nzito, zilizosagwa kwa uangalifu, na mafundi wengi wa mitaani wamesomesha watoto kwa hizo. Tunalalamikia zile zilizobandikwa jina lisilo lao. Muuzaji anagonga kichwa cha cherehani kwa kidole: "Sikiliza chuma hicho, mama. Hii ni orijino." Unalipa bei ya jina. Baada ya wiki kadhaa za kupanguswa mafuta, herufi za dhahabu zinaanza kutoka na kitambaa cha kufutia. Skrubu ya kukazia uzi haikazi. Meno ya chini yanayosukuma kitambaa yako upande mmoja juu, upande mmoja chini, na nguo inakwenda mshazari hata ukiishika kwa mikono miwili.

Na hapo ndipo tunapoambiwa tujifunze kushika kitambaa.

Hebu tueleze kinachotokea mle ndani, maana hakuna aliyetueleza, tulikuja kujua kwa kuuliza na kuuliza tena. Sindano inashuka na uzi wa juu mpaka mwisho wa safari yake, kisha inaanza kupanda. Ikishapanda kidogo, kama milimita 2 hivi, uzi unalegea na kufanya kitanzi nyuma ya sindano, juu kidogo ya tundu lake. Dakika hiyohiyo ncha ya ndoano inayozunguka chini inatakiwa ipite hapo, ikidake kitanzi na kukizungusha kwenye bobini. Ikiwahi, haikuti kitu. Ikichelewa, kitanzi kimeshavutwa. Ikipita mbali na sindano kwa nafasi inayozidi unene wa karatasi, inakidaka leo na kukikosa kesho. Mshono unaoruka, ule tunaolaumiwa nao kila siku, mara nyingi unatoka hapo. Kiwanda kinachojali kinakagua jambo hilo kabla cherehani haijaingia kwenye boksi. Kisichojali kinamwachia mama wa Mbagala.

Fundi mwenye uzoefu akiuziwa cherehani ya namna hiyo hapati shida kubwa. Anakaa, anasikiliza mlio, anaifungua kwa bisibisi, anasogeza ndoano, anakaza hapa, analegeza pale, anaendelea na kazi. Ana kitu cha kulinganishia, kwa sababu ameshashonea nzima na anajua nzima inavyotembea. Sisi hatujawahi kukalia nzima hata mara moja. Hatuwezi kujua kama uzi unakatika kwa sababu tumeupitisha vibaya, au kwa sababu tundu la kibati linalopitisha sindano limeachwa na makali yanayoukata. Mambo yote mawili yanaonekana sawa machoni pa anayeanza. Ndiyo maana tunasema kuna dhuluma hapa: cherehani mbovu kuliko zote zinafika kwa watu pekee wasioweza kuzitambua, kisha ubovu wake unaandikwa kwenye jina la mtu.

Ushahidi tunao. Wenzetu waliosoma kozi fupi za ushonaji kwenye vyuo vya ufundi vya VETA wanasimulia kuwa darasani walikuwa wanashona kola na mfuko bila wasiwasi. Wakarudi nyumbani, wakakalia cherehani waliyonunua, na mikono ileile ikawa ya mtu asiyejua lolote. Na fundi wa mtaani akija kukusaidia, mtu aliyeshona tangu ujana wake, akikanyaga cherehani yako mshono unaruka kwake vilevile. Tofauti ni kwamba yeye hajishuku.

Kuna mambo madogo ambayo yangeandikwa kwenye karatasi moja na kutuepusha na machozi. Sindano, kwa mfano. Za cherehani za nyumbani zina upande mmoja bapa kwenye shina lake, na zile za cherehani kubwa za kiwandani nyingi ni za mviringo, lakini sokoni zimelala kwenye trei moja. Katika cherehani fulani upande huo bapa unaelekezwa nyuma, katika nyingine unaelekezwa ubavuni, na ukikosea haishiki uzi kabisa. Namba 11 ni ya vitambaa vyepesi, 14 ni ya vitenge na pamba ya kawaida, 16 ni ya jinzi. Nguo za kuvutika zinataka sindano yenye ncha butu kidogo, la sivyo inatoboa nyuzi na mshono unaruka. Sindano inachakaa na inabadilishwa kabla haijavunjika. Kuna wenzetu walioshonea sindano moja tangu cherehani itoke dukani, wakidhani itabadilishwa siku ikikatika. Na mafuta: wengi tumetia mafuta ya kupikia, kwa kuwa neno lililosemwa ni "mafuta" tu. Mafuta ya kupikia yakikaa yanaganda na kunata, na cherehani iliyokuwa nzito inakuwa nzito maradufu. Ilitakiwa oili ya cherehani, ile nyepesi, matone machache kwenye matundu yake.

Haya yote yamo kwenye kijitabu kinachokuja na cherehani, kama kipo. Nacho kimeandikwa Kichina na Kiingereza cha kubahatisha, kwa herufi ndogo, na picha ambayo si ya cherehani uliyonunua. Nchi hii nzima inazungumza Kiswahili, jirani zetu wanakizungumza, na sabuni ya kufulia inayotoka ng'ambo ina maelezo ya Kiswahili ubavuni. Anayeagiza cherehani kontena zima anashindwa nini kutafsiri kurasa nne?

Umeme nao una yake. Nyumbani kwetu ni volti 230 na plagi ya pini tatu. Zipo cherehani za mota zinazoletwa na plagi ya pini mbili bapa na kibandiko cha volti 110, kilichokaa chini ambako hakuna anayegeuza kutazama. Muuzaji anakupa kiunganishi cha plagi kana kwamba tatizo lilikuwa umbo la pini. Ukichomeka, mota inakwenda kasi ya ajabu, unafurahi, kisha moshi. Na waliokuwa wanategemea ya umeme peke yake wanakumbuka mgao wa mwaka 2023, nguo za wateja zimelala mezani huku mwenye cherehani ya miguu ng'ambo ya barabara anaendelea kukanyaga.

Tukirudi dukani tunaonyeshwa risiti. Chini kabisa pameandikwa kuwa mali ikishauzwa hairudishwi. Wapo wasiotoa hata risiti. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayotakia bidhaa na akategemea ujuzi wake, bidhaa hiyo inapaswa kuifaa kazi hiyo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Sheria ya Alama za Bidhaa ipo tangu mwaka 1963, inahusu hasa haya ya majina ya kubandika. Sheria tunazo, na tunashukuru kuwa nazo. Lakini ni nani kati yetu atakayefunga kibanda, apande daladala mbili, aende kudai haki ya cherehani moja, huku mtoto ana homa na marejesho ya kikoba ni Ijumaa? Haki inayomtaka maskini apoteze siku tatu za kazi ili aipate imeshampita. Kazi ya kuzuia mzigo mbovu ilitakiwa ifanyike bandarini na kwenye maghala, cherehani zikiwa mia kwa mpigo, badala ya kuachiwa kila mama na ya kwake.

Tukizungumzia marejesho, hapa kidonda ni kibichi. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni jambo jema na tumelipigania. Vikundi vingi vinachagua ushonaji, kwa kuwa kila mtu anavaa. Kikundi kinapokea mkopo, kinakwenda kununua cherehani za bei inayolingana na bajeti iliyoandikwa, na cherehani zinaanza kusimama moja moja. Mkopo hausimami. Mwisho wa mwezi unalipwa kwa pesa ya maandazi, ya mkaa, ya shamba, na cherehani imekaa kimya kibandani. Baadaye kwenye kikao inasemwa kuwa akina mama wa kikundi hicho hawana nidhamu ya biashara. Tunaomba wanaokagua marejesho wakague na vyombo. Wakalie cherehani, wakanyage, waone.

Na zile za msaada. Zinapangwa uwanjani kwa mstari, zimefungwa utepe, watu wanahutubia, picha zinapigwa, kila binti anasimama kando ya yake. Tunashukuru kwa mkono uliotoa. Lakini cherehani inakuja bila sindano za akiba, bila bobini za ziada, bila bisibisi, bila mtu wa kuirekebisha, na bila hata mita moja ya kitambaa cha kujifunzia. Ya kufunga kingo, ovaloki, haimo, kwa hiyo kila nguo binti anaipeleka kwa mwenye nayo na kulipia kabla hajapata chake. Baada ya miezi michache angefaa arudi mtu, bila kamera, aulize ngapi bado zinashona.

Vipuri vingetusaidia kuvumilia mengi. Kijumba cha bobini kikipotea au kikipinda, cha aina nyingine hakiingii. Zile za chuma zenye umbo la zamani zina unafuu, kwa kuwa vipuri vyake viko kila soko. Lakini za plastiki kila mzigo unakuja na umbo lake. Giya ya ndani ikikatika jino moja, fundi wa kutengeneza anaigeuza mara mbili mkononi na kukurudishia: hii ni ya kutupa. Kwa hiyo kitu kilichonunuliwa kwa akiba ya mwaka kinatupwa kwa kukosa kipande kinachoingia kwenye kiganja cha mtoto.

Wazee wanatutajia cherehani za mama zao. Zile zenye alama ya 15K zilitoka kiwanda cha Singer cha Clydebank, Uskoti, kilichofungwa mwaka 1980. Maana yake hata iliyo changa kuliko zote imeshapita miaka arobaini, na ukipita vibarazani Tanga au Unguja bado utazikuta zinashona kanzu. Hatuzitaji kwa kutamani ukale. Tunazitaja kwa sababu zinaonyesha kuwa cherehani si kifaa cha miujiza, ni chuma kilichokatwa sawasawa na kukaguliwa. Na kampuni hiyohiyo ilianza kuuza kwa malipo ya awamu mwaka 1856, kwa kuwa ilijua familia ya kawaida haiwezi kutoa bei yote kwa mkupuo. Wauzaji wake walikuwa wanamwonyesha mteja namna ya kuitumia. Zaidi ya karne moja na nusu baadaye sisi tunapewa boksi, tunaambiwa lipa namba hii, mwingine aje.

Kuna wauzaji waungwana, na tungependa wapate wateja wetu wote. Tunawajua kwa dalili moja: wana meza na kiti dukani, na hawakasiriki ukikaa. Kwa hiyo tumekubaliana, sisi wa vikundi vya mitaani, kwamba hakuna tena kununua cherehani ya kwenye boksi lililofungwa. Tunakwenda na kitenge chetu kilichokunjwa mara nne, kipande cha jinzi, kitambaa cha kuvutika, na uzi wetu wenyewe. Tunakwenda na fundi mmoja anayejua, tukimlipa nauli na soda. Tunageuza cherehani chini tusome volti. Tunashona mstari mrefu, tunapita juu ya maungio, tunageuza kitambaa kutazama upande wa ndani, tunavuta mshono kwa nguvu. Tunauliza vipuri vinauzwa duka gani, na tunataka risiti yenye jina halisi la cherehani, lilelile lililobandikwa juu yake. Asiyekubali tunamuaga kwa heshima na kuhamia duka la pili.

Kwa waagizaji ombi letu ni dogo kuliko mzigo mmoja wa vibandiko vya dhahabu: karatasi ya Kiswahili ndani ya kila boksi, sindano tano za namba 14, kichupa cha oili, na neno la kweli kuhusu vitambaa ambavyo cherehani hiyo inaviweza na isivyoviweza. Kama haiwezi kitenge, iandikwe nje ya boksi kwa herufi kubwa, mahali ambapo mama anaweza kuisoma kabla hajatoa pesa kwenye fundo la khanga.